Mhuri wa mtaa na mlango wa dhamana

Nilichaguliwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa Desemba 2014, huku Temeke, kwenye nyumba za kupanga zilizobanana hadi jirani akikohoa chumba cha pili unampa pole. Niliingia na mipango ya mitaro na taka. Sikujua kwamba kazi itakayonila muda kuliko zote ni barua za dhamana.

Barua yenyewe ni karatasi moja. Inasema fulani ni mkazi wa mtaa huu, namfahamu, anakwenda kumdhamini ndugu yake mahakamani. Unabandika picha ya pasipoti, unagonga mhuri nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, unasaini. Mdhamini anaipeleka kwa karani pamoja na kitambulisho chake, na pengine barua ya mwajiri au hati ya kiwanja. Wadhamini wakikubaliwa, mshtakiwa analala kwake. Wakikosekana, anapanda karandinga.

Haikuchukua muda kuona nani analala kwake na nani anapanda karandinga. Mtoto wa mwalimu akikamatwa kwa kupigana baa, saa mbili asubuhi baba yake yuko mlangoni kwangu na wenzake wawili wa kazini, mashati yamechomekewa, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Mchana kijana yuko nyumbani anakula wali. Kijana aliyekuja mjini mwaka jana kutoka Kigoma au Lindi, anayesukuma mkokoteni na kujulikana kijiweni kwa jina la utani tu, anafuatwa na wenzake wanne ambao nao hawana kitambulisho hata kimoja. Mwenye nyumba anayempangisha hataki kusikia habari ya mahakama. Na mimi natakiwa niandike kwamba namfahamu mdhamini, wakati mdhamini mwenyewe namuona kwa mara ya kwanza.

Kituoni kumeandikwa ukutani kwamba dhamana ni bure. Ni kweli ni bure, ukiwa na watu.

Kwa wasio na watu kuna soko. Nje ya mahakama wapo wadhamini wa kukodi, wanaume wenye suruali za kitambaa na bahasha za kaki, ambao kwa malipo watakuwa mjomba wa yeyote. Barua zao zina mihuri ya mitaa ambayo hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Walinifuata na mimi, kwa adabu sana, shikamoo mama mwenyekiti nyingi. Niliwafukuza. Lakini niseme ukweli: nilielewa kwa nini familia zinawalipa.

Wiki chache baada ya kuchaguliwa ikaja Januari 2015 na hofu ya Panya Road, makundi ya vijana waporaji. Waliokuwepo Dar es Salaam watakumbuka jioni ile: maduka yanafungwa, watu wanakimbia bila kujua wanamkimbia nani, simu zinasema wako Magomeni, wako Sinza, wanakuja huku. Mtaani kwangu hakuna aliyewaona kwa macho yake na kila mtu aliwasikia. Makundi yale yalikuwepo kweli, yalijeruhi na kupora watu, sitaki mtu adhani nasema ilikuwa hadithi. Kilichofuata ni msako. Mamia ya vijana walikamatwa mjini, na wa mtaani kwangu walichukuliwa pale walipokuwa: kwenye drafti, kibarazani, mmoja akirudi kununua mafuta ya taa.

Alfajiri akina mama walikuwa wamejaa kwangu. Mmoja alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya mwanawe, imechakaa, inaonyesha amezaliwa 1999, maana yake alikuwa na miaka kumi na tano. Kituoni alikuwa ameandikwa kumi na nane. Tulikwenda na ile kadi, tukasimama kaunta hadi jua likawa kali, mpaka afande mmoja mtu mzima akaitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Mama, huyu mtoto mpelekeni nyumbani." Nilijifunza hapo kwamba karatasi ya kliniki yenye madoa ya maji inaweza kuwa wakili. Tangu siku ile kila mzazi aliyekuja kwangu kwa jambo lolote, hata la mtaro, nilimuuliza kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto kipo.

Wale ambao hawakuwa na kosa la kuandikiwa waliandikiwa uzururaji. Kosa hilo tulilirithi kwa mkoloni, na lina sifa moja ya ajabu: huulizwi umefanya nini, unaulizwa ulikuwa wapi na una kazi gani. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Nilipoisikia habari hiyo redioni niliwakumbuka wale wa drafti.

Sasa niseme juu ya wanaoiba kweli, maana mtaani hawakosekani na wanauma. Ukiibiwa koki ya bomba, mita ya maji na sufuria ndani ya wiki moja, unaweza kuchukia binadamu wote. Kwetu wizi mwingi wa namna hiyo ulikuwa wa mateja, na njia ya vitu vyao ilijulikana na kila mtoto: koki inatoka ukutani, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hela inakwenda kwa pusha, unga unaingia mshipani, kesho tena. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu kama ulivyo wizi wenyewe. Katika muda wangu wote sikuwahi kuombwa barua ya kumdhamini mnunuzi wa chuma chakavu. Hakuwahi kuihitaji. Teja ndiye aliyekamatwa, kwa sababu teja ndiye anayekimbia polepole.

Kitu kilichopunguza koki kuibiwa, kwa nilivyoona mimi, hakikuwa doria. Kilikuwa kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia teja aachane na unga. Muhimbili ilianza kutoa dawa hiyo 2011, na hospitali ya Temeke ikawa na kliniki yake 2014, karibu na sisi. Vijana niliowajua kwa kuiba kamba za kuanikia nguo niliwaona asubuhi wakienda kunywa dozi, wamenawa uso. Wengine walirudi nyuma, si malaika. Lakini mmoja alianza kuosha magari, mwingine akarudi kwa mkewe. Halafu siku moja unafanyika msako, anachukuliwa aliye kwenye dawa pamoja na asiye kwenye dawa, wanalala mahabusu, dozi inapita, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inampiga mtu selo mpaka anajikunja. Akitoka, mahali pa kwanza anapokwenda si kliniki. Hili niliwaeleza polisi wa kata kwenye kikao cha ulinzi shirikishi, na mkuu wao alilielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Akawa anaruhusu muuguzi aje. Alipohamishwa, utaratibu ukahama naye.

Kesi iliyonifundisha kuliko zote ni ya mtoto wa muuza vitumbua. Jina lake silisemi, bado anaishi hapa.

Ilikuwa 2018. Mama lishe mmoja alikuwa anafunga biashara usiku, vijana watatu wakamvamia, simu ikanyakuliwa, katika purukushani chupa ikavunjwa na mkono wake ukachanwa. Akapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, akashonwa. Wawili walikimbia. Wa tatu alidakwa na watu, akapigwa sana, na kama vijana wa polisi jamii wasingefika mapema ingekuwa habari ya tairi na petroli. Simu iliokotwa chini, ikapelekwa kituoni kama kielelezo. Huyo wa tatu ndiye mtoto wa muuza vitumbua. Yeye alisema alikuwepo lakini hakunyakua wala hakushika chupa. Mimi sikuwepo.

Mama yake alikuja na wadhamini wazuri, safari hii hata mimi niliridhika: shemeji yake ana kibanda chake, na mzee mmoja mstaafu wa bandari. Niliandika barua zote mbili, nikagonga mhuri. Karani alizisoma, akanirudishia bila ubaya wowote. "Mama, kosa hili halina dhamana."

Kumbe hati ya mashtaka ilisema unyang'anyi wa kutumia silaha. Chupa iliyovunjika ni silaha. Sheria haitaji bunduki peke yake, inataja kifaa chochote cha hatari. Adhabu yake ni jela isiyopungua miaka thelathini. Na kosa hilo liko kwenye orodha ya kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, pamoja na mauaji, uhaini na mengine, ambayo hakimu hana ruhusa ya kutoa dhamana hata akitaka. Tukio lilelile lingeandikwa wizi na kujeruhi, kijana angelala nyumbani usiku ule na kuja kujibu kesi akitokea kwao. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuamua maisha yake hakuwa hakimu. Alikuwa aliyeshika kalamu ya kuandika kosa, na huyo hakuna anayemuuliza kwa nini amechagua neno hili akaliacha lile.

Sisemi kosa lilikuwa dogo. Mkono wa mama lishe una kovu mpaka leo. Nasema hakuna aliyekaa chini akapima, siku ile, kwamba kijana huyu akiachwa nje atakuwa hatari au atatoroka. Sheria ilikuwa imeshapima kwa ajili ya wote, bila kumuona hata mmoja.

Zikaanza tarehe. Kesi inakuja kwa kutajwa, wakili wa serikali anasimama, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Inapangwa wiki mbili mbele. Mama anaamka usiku kuchoma vitumbua viishe kabla ya asubuhi, anapanda daladala, anasubiri kwenye benchi, anamuona mwanawe kwa muda wa kusoma jina na namba ya jalada, anarudi. Siku za kumtembelea rumande ni safari nyingine, na sabuni, na dawa ya meno. Mtaji wa vitumbua si mtaji wa kubeba kesi. Alikopa kwanza kwenye kikoba, kisha kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wakaja wakachukua jiko na meza. Mdogo wake yule kijana aliacha shule akaanza kushinda sokoni akibeba mizigo, na nani alikuwa sokoni kumpokea mtoto wa miaka kumi na tatu asiye na mwangalizi, sihitaji kueleza. Watu huniuliza chanzo cha uhalifu ni nini. Huwa wanategemea niseme bangi, au malezi. Ndani ya nyumba ile chanzo kilikuwa kinatengenezwa mbele ya macho yangu, kila tarehe inapoahirishwa.

Mwaka uliofuata hakimu alichoka, akaiondoa kesi. Kijana akatoka kizimbani, akafika mlangoni, akakamatwa tena na kusomewa shtaka lilelile upya. Mama yake alikuwa ameshika kaptula safi aliyomletea abadilishe.

Ikafika tarehe 9 Desemba 2019, sikukuu ya Uhuru, Rais Magufuli akiwa Mwanza akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Jioni hiyo muuza vitumbua alikuja kwangu anakimbia, ingawa uenyekiti nilikuwa nimeshauacha, ameshika simu yenye habari hiyo, anataka nimwandikie barua. Nilimketisha. Nikamweleza kwamba msamaha wa Rais ni kwa waliokwisha kuhukumiwa. Mwanao hajahukumiwa, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo mama mwenyekiti, mwenye hatia ana mtu wa kumsamehe, asiye na hatia hana."

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Nilikuwa naijua ibara hiyo kwa moyo, tulifundishwa kwenye semina. Sikumtajia. Usiku ule ningemtukana.

Mama lishe naye tumtazame. Mwanzoni alihudhuria bila kukosa, kwa nauli yake, akifunga biashara siku nzima. Anafika saa mbili, saa saba mchana anaambiwa imeahirishwa. Alikaa benchi moja na mama wa mshtakiwa tarehe nyingi hivi kwamba waliishia kurudi daladala moja, na siku zingine wakigawana kitumbua. Halafu akaacha kwenda. Upelelezi ulipokuja kukamilika na mashahidi wakahitajika, mlalamikaji hapatikani, waliomkamata kijana usiku ule wamehama, mmoja amefariki. Katikati ya 2020 mahakama ikasema hakuna kesi ya kujibu. Hakuna aliyejua zaidi ya usiku wa kwanza kuhusu nani alishika chupa. Wawili waliokimbia hawakuwahi kutafutwa, maana mmoja alikuwa tayari ndani na jalada lilikuwa na jina.

Mwaka huo huo kifungu cha 148 kilikuwa gumzo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema orodha ile ya makosa yasiyo na dhamana inapingana na Katiba, katika shauri lililofunguliwa na Dickson Sanga. Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, orodha ikabaki. Magazeti yalijadili sana, kwa sababu wakati ule wafanyabiashara na hata mwanahabari walikuwa wamesota rumande kwa mashtaka ya utakatishaji fedha, ambalo nalo halina dhamana. Sina kinyongo nao. Lakini nilikuwa nasoma huku nikijiuliza kwa nini miaka yote ile kifungu hicho kilipokuwa kinakula vijana wa vichochoroni hakikuwa habari.

Mambo mengine yamesogea tangu hapo, na ni haki kuyasema. Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na mahakama kwa mabadiliko ya 2021. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Na msomaji ameshaona kosa linavyoweza kuwa kubwa kwa kalamu. Januari 2023 Rais Samia alizindua tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai mwaka ule ule.

Mimi sikugombea tena 2019. Nilichukua mafunzo ya usaidizi wa kisheria, kazi ambayo ilitambuliwa na sheria ya 2017, na siku hizi nakaa na familia kwenye vibaraza nikiwaambia mambo ya kawaida kabisa. Andika namba ya jalada. Uliza jina la kosa kabla ya kutafuta wadhamini. Weka kadi ya kliniki ndani ya nailoni. Usimlipe mtu aliyekufuata mwenyewe nje ya mahakama. Mlalamikaji akiwa jirani yako, usiende kumtisha wala kumhonga, nenda ukampe pole.

Kijana alirudi amekonda, ana upele, ana adabu iliyozidi, ya kusimama kila mtu mzima anapopita. Alirudi pia na namba za simu za watu ambao hakuwafahamu kabla, kwa kuwa alilala miaka ile amebanana na waliokubuhu, nao walimgawia chakula siku ambazo sisi hatukufika. Alitaka pikipiki ya mkataba. Tajiri wa pikipiki akamwambia alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliyenifuata ni mtu mwema, lakini alisita: huyu si yule wa kesi? Nikamkumbusha kwamba kesi ilikwisha, hana hatia. Akasema anajua. Barua haikutoka wiki ile wala iliyofuata. Ilitoka baada ya mama lishe, yule yule mwenye kovu, kwenda ofisini na kusema mwandikieni mtoto afanye kazi, mnataka aje aninyang'anye tena?

Nilimshukuru sana. Akanitazama kwa jicho kali. "Wewe mama umemhangaikia huyu, sawa. Na simu yangu?"

Simu ilikuwa bado kituoni. Kesi iliisha bila mtu kuomba amri ya kurudishiwa mlalamikaji mali yake, na mlalamikaji hakuwepo siku hiyo. Tulikwenda wote wawili. Mwenye ufunguo wa stoo ya vielelezo alikuwa likizo, tukaambiwa turudi Jumatatu. Jumatatu tukaambiwa inatakiwa amri ya mahakama. Mahakamani karani alisema jalada limekwenda masjala, tuandike barua ya kuomba liletwe. Tukaandika. Mama lishe alishanunua nyingine zamani, ya mkopo, ila anasema hiyo ni yake na ataifuata.